Laini ipi yafaa dukani? Kasi si kipimo pekee

MFANYABIASHARA wa Kariakoo mwenye laini mbili kwenye simu moja hufanya uamuzi wa fedha kila mteja anaposema atalipa kwa simu. Muamala ukikwama, mteja mwenye haraka huvuka barabara na kununua duka la pili. Hata hivyo wengi huchagua laini kwa bei ya bando tu, au kwa kutazama alama za mtandao juu ya kioo.

Alama hizo ni kipimo dhaifu. Zinaonyesha nguvu ya mawimbi yanayoifikia simu kutoka mnarani, wala hazisemi ni watu wangapi wanaugawana mnara huo. Saa sita mchana zaweza kujaa zote na ujumbe usitoke. Kwa simu nyingi, uamuzi wa kuhamia laini ya pili hubaki mkononi mwa mtumiaji.

Wataalamu hutenganisha mambo mawili. Lipo la ubora wa huduma, yaani yale yanayohesabika kwa mitambo: kasi, ucheleweshaji, data inayopotea njiani, simu zinazokatika. Na lipo la namna mtumiaji mwenyewe anavyoiona huduma hiyo. Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, lina utaratibu wa kuwapa wasikilizaji sauti waipe alama 1 hadi 5, 1 ikiwa mbovu na 5 bora kabisa. Shirika hilo pia linaeleza kwamba sauti ikifika upande wa pili ndani ya milisekunde 150, mazungumzo mengi huenda bila tatizo. Kwa mtu anayepakua filamu, ucheleweshaji wa kiasi hicho si kitu.

Kwa hiyo kipimo hutegemea kazi, na hapa ndipo wenye maduka wanapokosea zaidi. Menyu za malipo zinazoanza na nyota, mia na hamsini, hazipiti kwenye intaneti bali kwenye njia ya ishara za mtandao wenyewe. Programu ya kupima kasi ya intaneti haisemi lolote juu yake. Laini inayosifiwa kwa video yaweza kumkatia muuzaji menyu kabla hajaweka namba ya siri.

Kipimo kinachofaa ni daftari lile lile la mauzo. Kwa wiki moja, kila jaribio liandikwe: saa, laini, limepita au limekwama. Tuseme duka lina malipo 40 kwa siku na 2 yanakwama. Hiyo ni asilimia 5, si mbaya sana kwa kutazama. Lakini yote mawili yakiangukia saa ya jioni, wateja wakiwa wamejaa, wastani wa siku umemdanganya mwenye duka.

Kwa wenye hisa jambo hili si dogo. Vodacom Tanzania iliuza asilimia 25 ya hisa zake kwa Sh 850 kila moja na kuingia Soko la Hisa la Dar es Salaam mwaka 2017. Mwaka huo huo wateja waliruhusiwa kuhama kampuni bila kubadili namba. Lakini mwenye laini mbili hana haja ya kuhama. Laini iliyomchosha hubaki ndani ya simu, pengine ikiendelea kuhesabiwa kuwa mteja, huku malipo yakipita kwingine. Anayesoma hesabu za kampuni hizi ataliona hilo kwenye mapato kwa kila laini mapema kuliko kwenye idadi ya wateja.