Mashine Inayopiga Deki na Kukausha

Beda Amuli, aliyelichora jengo la Soko la Kariakoo lililofunguliwa mwaka 1975, aliweka orofa moja chini ya ardhi. Huko jua halifiki kukausha sakafu. Mchukuzi mwenye gunia kichwani akikanyaga utelezi huweza kuvunjika mguu, na watoto wake wakalala njaa. Ndiyo maana napenda kueleza habari za mashine ya sakafu.

Tambara hulowesha uchafu, kisha huutandaza. Mwaka 1901 Mwingereza Hubert Cecil Booth alibuni mashine ya kufyonza vumbi badala ya kulipuliza. Mashine za leo za sakafu kubwa huyafyonza hata maji. Zina matangi mawili. La kwanza hutoa maji ya sabuni, na burashi huzunguka zikisugua. Nyuma, ulimi wa mpira huyakusanya maji machafu, na mota huyavuta mpaka tangi la pili. Sakafu hubaki karibu kavu.

Lakini majani na maganda yasipofagiliwa kwanza, bomba huziba. Kwa hiyo mfagiaji angali mtu wa lazima. Nasi wanafunzi, tukienda sokoni, tusimwongezee kazi.