Mama mjane, uliza kwanza kabla ya kuweka kidole

Shimo likibomoka, sisi wa sendika tunajua kazi inayofuata: kutafuta maiti, kuchanga pesa za sanduku, kusindikiza mjane nyumbani. Lakini kuna mtu mwingine anafika matanga yakiisha, na karatasi mkononi.

Mjane mmoja anayeuza ndagala huku Kalundu alitufuata. Bwana yake alibaki ndani ya shimo upande wa Fizi. Mtu aliyevaa vizuri alimwambia: «Mama, huyu mdogo atapata familia Ulaya. Atasoma, na likizo atakuwa anarudi. Weka kidole hapa.» Karatasi ilikuwa ya Kifaransa. Tuliisoma naye polepole. Hapakuwa neno la masomo wala la likizo. Iliandikwa kwamba mama anamwacha mtoto wake. Hakuweka kidole.

Tusidanganyane: kuasili mtoto, ndiyo kusema adoption, kuko ndani ya sheria yetu, Code de la famille ya 1987 iliyorekebishwa mwaka 2016. Bwana na bibi wanaoomba mtoto pamoja wawe wameoana tangu miaka 5. Wamzidi mtoto kwa miaka 15. Wazazi wa mtoto wakiwa hai, wote wawili wakubali. Mtoto aliyefika miaka 15 anapashwa kukubali yeye mwenyewe. Na anayekata maneno ni hakimu. Siyo pasta, siyo chef wa kartie, siyo mwenye nyumba ya yatima. Kwa sheria ya 10 Januari 2009 ya kulinda mtoto, kesi hizo ni za Tribunal pour enfants.

Kuna jambo ambalo wengi wetu hatukujua. Kwa sheria ya Kongo, mtoto anakuwa wa familia mpya, lakini undugu na familia yake ya kwanza haukatiki. Kule Ubelgiji na Ufaransa kuna adoption plénière, na hiyo inaukata kabisa. Huku kwetu mtoto analelewa na shangazi na siku moja anarudi. Mama anafikiri amekopesha mtoto. Kule wanajua wamepewa.

Mambo haya si hadithi. Mwaka 2015 watoto wa upande wa Gemena, wenye wazazi hai, walipelekwa Kinshasa. Wazazi waliambiwa ni kambi ya likizo. Watoto wakafika Ubelgiji kama yatima. Kisha vipimo vya ADN vilionyesha wazazi wao ni nani. Lakini wakati huo watoto walikuwa wamekwisha kuita watu wengine baba na mama.

Na mtu akikuambia ni mambo ya wiki mbili, shituka. Tarehe 25 Septemba 2013 DGM ilisimamisha ruhusa za kutoka nchini kwa watoto walioasiliwa. Kuna familia za ng'ambo zilikuwa na hukumu ya tribinali mkononi, na zikangoja zaidi ya miaka miwili. Basi mtoto anayevushwa Kavimvira asubuhi na mapema kwenda Bujumbura, bila hakimu kumwona, hajaasiliwa. Ameibwa.

Kwa hiyo, mama, uliza haya matatu: Kesi iko tribinali gani? Undugu wetu utabaki ao utakatika? Nani atanisomea karatasi hii kwa Kiswahili? Akikataa kukuachia kopi, mwache aende zake. Ukiwa na shaka, tuletee karatasi kabla ya kidole, siyo nyuma.

Umaskini peke yake haumfanyi mtoto kuwa yatima wa kupewa watu. Mkataba wa haki za mtoto wa 1989, ambao Kongo iliukubali, unasema ng'ambo iwaziwe pale mtoto hawezi kupata malezi mazuri katika nchi yake.

Na sisi wenyewe tujilaumu. Yule mjane alitaka mtoto asome, basi. Yule mtu alimjua shida yake kutupita sisi, maana tulizika rafiki yetu tukarudi kazini. Leo tunachanga pesa za masomo ya yule mdogo, kidogo kidogo kila mwezi. Na matanga yakiisha, tunarudi tena kwa mjane kuuliza habari za watoto.