Mpeni Mwiko: Asiyeona na Kazi za Kila Siku

Mtu akipoteza macho katika nyumba nyingi za mtaa wa Kasenga, na za mji wa Uvira kwa jumla, mashariki mwa Kongo, watu wake humpokonya kazi kabla hata hajaizoea hali yake mpya. Mama aliyesonga ugali na kutwanga sombe miaka yote huwekwa kwenye kiti barazani. Anachotewa maji, anafuliwa nguo, anaitiwa mtoto wa kumshika mkono hata akienda chooni. Wanafanya hivyo kwa mapenzi, nami siwalaumu. Lakini akihudumiwa hivyo muda mrefu, mikono husahau kazi na miguu huogopa ua wake mwenyewe. Hasara hiyo haikuletwa na macho.

Kwanza apimwe macho. Mtoto wa jicho ndio chanzo kikubwa cha upofu duniani, na upasuaji wake aghalabu hurudisha uoni. Glakoma ni tofauti: kilichopotea hakirudi. Ila mafunzo ya kazi za kila siku yasingoje daktari. Hata anayesubiri upasuaji anahitaji kula, kuoga na kutembea leo.

Tuanze jikoni, maana ndiko hofu ilikojaa. Mazoezi ya kwanza hufanyika mbabula, yaani jiko la makaa, ikiwa baridi. Mwanafunzi anaipapasa yote, anapandisha sufuria, anaishusha, anarudia mpaka mikono yake iijue. Mbabula haihamishwi: inakaa mahali pale pale, pembeni, watoto wasipopita. Siku ya kuwasha moto, kitenge kinafungwa kwa kubana, ncha isining'inie. Kiganja kinashushwa polepole kutoka juu, wala hakipelekwi kwa ubavu, ili joto limwonyeshe moto uliko. Maji yakikaribia kuchemka, mlio mwembamba unageuka mngurumo na kifuniko kinaanza kutetemeka. Unga unapimwa kwa kikombe kile kile kila siku. Kuiva kwa ugali anakujua kwa uzito wa mwiko na kwa jinsi bonge linavyobanduka kwenye sufuria. Kusema kweli, hata mpishi anayeona huutegemea zaidi mkono wake kuliko macho.

Maji yanataka uangalifu wa pekee, kwa kuwa kipindupindu hakijaihama Uvira. Bidoni ya maji ya kunywa ifungwe kamba shingoni, isije ikachanganywa na ya maji ya ziwani. Vitabu vingi vya mafunzo husema asiyeona aweke kidole ndani ya ukingo wa kikombe ili ajue kimejaa. Kwa kikombe chake mwenyewe, mikono ikiwa imenawa kwa sabuni, ni sawa. Akiwamiminia wengine, mimi napendelea afundishwe kusikiliza: sauti ya maji hupanda kadiri kikombe kinavyojaa, na mkono unausikia uzito.

Nje ya ua, Uvira ina neema ambayo miji mingi haina. Milima iko magharibi, Ziwa Tanganyika liko mashariki, na Barabara ya Taifa namba 5 inapita katikati ikifuata ufuko. Kwa asiyeona, hiyo ni dira iliyo tayari. Ardhi ikiteremka chini ya miguu, anaelekea ziwani; ikipanda, anaelekea mlimani. Jua la asubuhi humpiga usoni anayelielekea ziwa. Mchana upepo huvuma kutoka majini, kwa sababu nchi kavu hupata joto upesi kuliko ziwa; usiku mwendo huo hugeuka. Mngurumo wa malori unamwambia barabara kuu iko upande gani. Mambo haya mtu hajifunzi peke yake. Anahitaji mtu wa kusimama naye njiani na kumuuliza: sasa ziwa liko wapi?

Fimbo ndefu ya asiyeona tunayoijua leo ilipata mbinu yake katika hospitali ya jeshi ya Valley Forge, Marekani, katika miaka ya 1940, ambako Richard Hoover aliwafundisha askari waliopofuka vitani. Fimbo inafika kifuani. Mguu wa kulia ukitangulia, ncha inagusa kushoto. Wa kushoto ukitangulia, inagusa kulia. Upana ni kupita mabega kidogo tu. Hivyo kila hatua inakanyaga mahali palipokwisha kukaguliwa. Mchangani ncha hukwama, basi ishikwe kwa wepesi. Fimbo haioni bati la kibanda lililo usawa wa paji la uso, kwa hiyo penye vibanda mkono mmoja uinuliwe mbele ya uso. Na njia iliyojulikana huweza kupotea: baada ya mto Mulongwe kufurika Aprili 2020, na ziwa kupanda mwaka 2024, palikuwa na mitaa iliyopaswa kujifunzwa upya.

Fimbo humkomboa mtoto pia. Yule anayetembea akiwa ameshika ncha moja ya kijiti huku babu ameshika nyingine, saa hizo alipaswa awe darasani.

Sokoni kuna kazi nyingine, maana Uvira inanunua kwa faranga za Kongo, faranga za Burundi na dola. Noti za dola zote zina ukubwa mmoja, na noti ikichanika kidogo tu muuzaji anaikataa, kwa hiyo haifai kukunjwa-kunjwa. Zikae zimenyooka ndani ya daftari gumu, kila thamani kwenye ukurasa wake. Faranga ndizo zikunjwe, kila noti kwa mkunjo wake, kila nchi na mfuko wake. Chenji ipokelewe noti moja moja, muuzaji akiitaja, naye asiyeona aikunje au aiweke daftarini hapo hapo.

Mafunzo haya yote yatolewe wapi? Kenya ilipata shule ya wasioona Thika mwaka 1946, na shule za namna hiyo zimesaidia wengi. Lakini bibi wa miaka sitini hatapelekwa bweni, na mbabula yake haiko huko. Mwalimu ndiye amfuate nyumbani. Kongo ilijiunga na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2015, na ibara yake ya 26 inataka mafunzo haya yatolewe karibu kabisa na watu wanapoishi, vijijini pia. Sheria namba 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022 inalinda haki za watu hao hapa nchini. Basi wakuu wa mitaa, makanisa, misikiti na zoni ya afya ya Uvira waombwe jambo moja linalowezekana: wachague watu wachache, na wasioona wenyewe wawemo, wafundishwe kazi hii vizuri, kisha watumwe kuzunguka nyumba kwa nyumba.