Magari Yanayozungumza: Kamusi Moja, Hati Mbili

Wasomaji wetu ni watu wa lugha, na huenda wakashangaa kukuta makala ya magari katika ukurasa huu. Lakini wahandisi wa magari nao wana kamusi. Inaitwa J2735, imetolewa na jumuiya ya SAE International ya Marekani, nayo hufafanua ujumbe ambao magari huambiana kwa redio.

Ujumbe mkuu ni mfupi. Gari hutangaza mahali lilipo, mwendo wake, linakoelekea na kama limefunga breki. Hurudia hivyo takribani mara 10 kwa sekunde, na magari yaliyo umbali wa mita 300 hivi huweza kulisikia. Dereva aliye nyuma ya lori haoni gari lililosimama ghafla mbele ya lori hilo, ilhali gari lake limekwisha kupata habari. Hata hivyo, gari likizungumza peke yake halimwokoi mtu. Sharti mengine yalielewe.

Hapo ndipo penye tatizo. Mwaka 1999 Marekani ilitenga megahatsi 75 katika masafa ya gigahatsi 5.9 kwa kazi hii. Teknolojia ya kwanza, DSRC, ilikuwa ya ukoo wa Wi-Fi, na mwaka 2017 Cadillac CTS ilianza kuuzwa ikiwa nayo. Mwaka huohuo zilikamilika kanuni za kwanza za C-V2X, iliyotokana na teknolojia ya simu za mkononi, ingawa magari huweza kuitumia moja kwa moja bila kupitia mnara. Huko Marekani zote mbili zilitumia kamusi ileile, ila redio ya moja haielewi mawimbi ya nyingine. Ni kama Kiswahili cha hati ya Kiarabu mbele ya msomaji anayejua hati ya Kilatini pekee: maneno anayajua, kuyasoma hawezi.

Mwaka 2020 tume ya mawasiliano ya nchi hiyo iliipa Wi-Fi megahatsi 45, ikabakiza 30, na kuichagua C-V2X. Ulaya, Volkswagen Golf ya mwaka 2019 ilikuwa imekwisha kufuata njia ya ukoo wa Wi-Fi. Kwa maoni yangu, miaka 20 ya kusitasita imegharimu zaidi kuliko ambavyo uchaguzi mbaya ungegharimu.

Nasi tuna kazi yetu. Wapo wanaosema “gari lililounganishwa”, lakini viwanda vya Thika na Mombasa huunganisha magari kila siku, na hayo hayazungumzi! Mimi napendekeza “gari wasilianifu”. Mwenye istilahi bora zaidi ailete idarani.