Tambi za Kitaliano Katika Jiko la Muislamu



Baada ya darsa, mama mmoja alinijia akiwa na huzuni. Alinunua dukani chupa ya mchuzi wa pasta, akawapikia wanawe, wakala wakashiba. Ndipo bintiye aliposoma karatasi ya chupa, akakuta umetiwa mvinyo mwekundu. Nilimjibu kwamba aliyekula bila kujua hana dhambi. Auosheshe mchuzi uliobaki njia ya maji machafu, na vyombo avitwaharishe. Lakini aliniuliza tena: "Sheikh, basi tukiache chakula hiki?" Swali hilo linastahiki jibu refu zaidi.

Pasta si ngeni kwetu kama inavyodhaniwa. Al-Idrisi, mwanajiografia wa Kiislamu, katika kitabu alichokikamilisha mwaka 1154 huko Sisilia, alitaja mji wa Trabia, karibu na Palermo, ambako zilitengenezwa itriya kwa wingi na kupakiwa majahazini hadi nchi za Waislamu na za Wakristo. Itriya ni tambi za unga wa ngano. Ndugu zetu Wasomali nao wameizoea baasto tangu zama za utawala wa Kitaliano. Asili ya chakula ni halali. Lililo haramu ni kile kinachotiwa.

Mambo matatu yaangaliwe. La kwanza ni nguruwe: carbonara ya Roma hupikwa kwa nyama ya shavu lake, na mchuzi wa nyama wa Bologna mara nyingi hutiwa nyama ya tumbo lake. La pili ni mvinyo. Wako wasemao kwamba ukichemka hupotea. Hoja hiyo haisimami: sehemu yake hubaki, na katika madhehebu ya Imam Shafii mvinyo ni najisi, hivyo hunajisi sufuria nzima. La tatu ni jibini ya parmesan, ambayo hugandishwa kwa kimeng'enya cha tumbo la ndama. Wanazuoni wamekhitalifiana juu ya ndama asiyechinjwa kisharia. Mwenye shaka na atafute yenye alama ya halali, au aiache.

Sasa tuingie jikoni. Kwa watu wanne, chemsha lita nne za maji na vijiko viwili vya mezani vya chumvi. Tia gramu 400 za spageti, bila mafuta na bila kuzivunja. Ziepue dakika moja kabla ya muda ulioandikwa kwenye pakiti, zikiwa bado na ugumu kidogo kwenye jino. Weka akiba kikombe kimoja cha maji yake.

Mchuzi wa tungule: menya kilo moja ya tungule zilizoiva kwa kuzitia kwanza katika maji ya moto. Pasha vijiko vinne vya mafuta ya zeituni kwa moto mdogo, utie punje mbili za thomu. Zikinukia, tia tungule na chumvi, uache zichemke dakika 25. Mwisho tia majani ya rehani. Atakaye nyama akaange kwanza robo kilo ya kima ya ng'ombe. Mahali pa mvinyo pana supu ya mifupa, na tone la ndimu wakati wa kuepua.

Siku ya haba, fanya kama watu wa Napoli: mafuta ya zeituni, thomu iliyokatwa vipande vyembamba na pilipili kavu. Thomu isiungue, kwani huwa chungu.

Kwa vyovyote, changanya tambi na mchuzi motoni pamoja na maji uliyoyahifadhi. Wanga uliomo ndio unaoushika mchuzi.

Dada zangu, someni karatasi ya chupa kabla ya kulipa. Na bora kuliko chupa ni tungule za sokoni na mkono wa mama aliyeanza kwa Bismillahi.

Mwenyezi Mungu azibariki riziki zetu na azitwaharishe. Amin.