Leseni Yenye Doa na Bima ya Mwanafunzi: Ni Bei Gani, na Uanzie Wapi?

Katika nchi ghali kama Marekani, bima ya dhima ya mwanafunzi wa uuguzi ni ya bei ya chini mno. Anayesomea uuguzi kwa mara ya kwanza hulipa kama dola 30 au 40 kwa mwaka; muuguzi aliyesajiliwa, yaani RN, hulipa dola 100 na ushee. Fomu hujazwa kwenye simu na cheti hufika kwa barua pepe siku hiyohiyo. Kikwazo ni swali moja katikati ya fomu: je, leseni yako imewahi kuchukuliwa hatua za kinidhamu? Ukijibu ndiyo, bei iliyotangazwa si yako tena.

Swali hilo linawagusa wauguzi wengi wa Afrika Mashariki walioko Dallas, Lowell au Minneapolis, waliofanya kazi miaka mingi na sasa wanarudi darasani kusomea ngazi ya NP, ya muuguzi anayeruhusiwa kuchunguza na kuandika dawa. Tuseme bodi ya jimbo ilimpa mtu karipio miaka minane iliyopita kwa kutorekodi dozi. Ameshalipa faini, amemaliza kozi aliyoagizwa na leseni iko safi. Chuo kimempokea, lakini kinataka bima, mara nyingi ya dola milioni 1 kwa dai moja na milioni 3 au 6 kwa mwaka mzima. Viwango vya 2022 vya programu za NP vinataka saa zisizopungua 750 za kuhudumia wagonjwa, na bila hati ya bima hata saa ya kwanza haianzi. Bima ya mwajiri haisaidii hapa, kwa sababu inamlinda akiwa kazini, si akiwa mwanafunzi.

Watu wengi hukimbilia kwenye tovuti za bima. Mimi ningeanzia ofisi ya programu chuoni. Vyuo vingi vina bima ya jumla inayowafunika wanafunzi wote wakiwa kwenye mafunzo kwa vitendo, na gharama yake huwa imo ndani ya ada. Kampuni ya bima hupima hatari ya kundi zima, kwa hiyo historia ya mtu mmoja mara nyingi haiulizwi kabisa. Uliza kwa barua pepe, upate jibu la maandishi: je, inawafunika wanafunzi wa NP ambao tayari ni RN? Inafika kwenye kliniki ya jimbo jingine? Kuna kifungu kinachowatoa wenye rekodi ya nidhamu? Ukijibiwa vizuri, umemaliza kazi bila kutoa senti ya ziada. Ubaya wake ni kwamba kiwango cha juu cha fidia huenda mnagawana na wenzako, na bima hiyo kwa kawaida haikutetei mbele ya bodi ya wauguzi.

Kuna sababu nyingine ya kuanzia chuoni. Fomu nyingi za bima huuliza pia kama kampuni yoyote imewahi kukukataa. Ukituma maombi ovyo mahali panne na kukataliwa pote, unaingia kwenye ombi la tano ukiwa na madoa matano badala ya moja. (Missouri ndiko fomu nyingi humwambia mwombaji asijibu swali hilo, kwingine unajibu.)

Ikiwa chuo hakikufuniki, nenda kwenye soko la kawaida: NSO, CM&F, Berxi na wenzao. Jibu la ndiyo halimaanishi mlango umefungwa. Mara nyingi huliondoa ombi lako kwenye kompyuta na kulipeleka kwa mtu anayesoma mafaili. Mtu huyo mpe kitu cha kusoma: nakala ya uamuzi wa bodi, barua ya kuthibitisha umetimiza masharti, na maelezo ya ukurasa mmoja yasiyo na malalamiko. Karipio la zamani la karatasi ni jambo moja. Dawa za kulevya zilizopotea wodini au mgonjwa aliyeumia ni jambo jingine. Na leseni ambayo bado iko chini ya uangalizi ndiyo ngumu kuliko zote.

Kuficha hakufai hata kidogo. Hatua za bodi huonekana bure kwenye Nursys, tovuti ya kuthibitisha leseni za wauguzi, na pia hupelekwa kwenye National Practitioner Data Bank, hazina ya taarifa iliyofunguliwa 1990. Kampuni ikigundua umedanganya inaweza kuifuta bima kana kwamba haikuwahi kuwepo, na hilo hutokea siku umeshitakiwa. Hata hivyo, soma swali neno kwa neno. Fomu moja huuliza miaka 5 iliyopita, nyingine huuliza maisha yako yote. Kusalimisha leseni kwa hiari huhesabiwa kuwa hatua ya nidhamu ikiwa kulifanyika wakati wa uchunguzi. Waliopitia mpango wa siri wa matibabu, kama TPAPN wa Texas au IPN wa Florida, wamwonyeshe wakili swali lenyewe kabla ya kujibu.

Soko la kawaida likikataa, linabaki soko la ziada, ambako dalali hutafuta kampuni zinazopokea hatari ambazo wengine wamezikwepa. Hapo bei haitangazwi. Hupangwa kwa kila mtu. Tuchukue mfano wa kukokotoa tu: ukitajiwa dola 1,500 huko Texas, kodi ya jimbo ya asilimia 4.85 inaongeza dola 72.75, halafu inakuja ada ya dalali. Tena, kampuni hiyo ikifilisika, mfuko wa dhamana wa jimbo haukulipi.

Lakini bei siyo tofauti kubwa kuliko zote. Bima nyingi za soko la kawaida hufuata siku ya tukio: kosa likitokea ukiwa na bima, unalindwa hata dai likija miaka miwili baadaye. Za soko la ziada mara nyingi hufuata siku ya dai, kwa hiyo ukihitimu na kuacha kulipa, ulinzi unakatika, isipokuwa ununue nyongeza wanayoiita mkia, ambayo inaweza kuzidi ada ya mwaka mzima. Dola 600 za bima ya aina ya kwanza ni nafuu kuliko dola 400 za aina ya pili. Tazama pia kama gharama za wakili zinakatwa ndani ya fidia, na kama kuna utetezi wa leseni. NSO, kwa mfano, hutoa hadi dola 25,000 kwa utetezi huo, na wewe ndiye unayeuhitaji zaidi. Usitarajie tu kwamba utetezi huo utalipia kesi ya zamani.

Kabla ya kulipa chochote, angalia kama jina lako limo kwenye orodha ya waliozuiwa ya OIG, ofisi ya mkaguzi mkuu wa wizara ya afya ya Marekani. Ukiwa humo, hospitali zinazopokea fedha za Medicare hazitakuruhusu, bima au bila bima. Na kama leseni yako ina vikwazo, umepoteza pia ruhusa ya kufanya kazi majimbo mengine chini ya mkataba wa pamoja wa leseni za uuguzi, kwa hiyo kliniki ya ng'ambo ya mpaka wa jimbo isiwe kwenye mpango wako.

Ukiishia soko la ziada, tarehe ya kuanza bima iwe ile ya kuanza kliniki, si ya kuanza masomo. Bima hizo huwa na sehemu isiyorudishwa, mara nyingi robo ya ada, hata kama kliniki itabadili mawazo wiki ya kwanza.