Udongo wa Kitalu Nyumba, na Jinsi ya Kuupata kwa Gharama Ndogo

Mkulima atakaye kujenga kitalu nyumba, yaani nyumba ya miti au ya mabomba iliyoezekwa kwa nailoni, kwa kawaida huuliza kwanza bei ya nailoni, kisha bei ya mbegu, kisha bei ya nyanya sokoni. Habari za udongo huziuliza mwisho, au haziulizi kabisa, kwa kuwa udongo aliukuta pale pale wala haukumgharimu kitu. Lakini ni udongo huo uliowashinda wengi. Katika nyanda za juu za Kenya nyumba nyingi zilizojengwa tangu miaka ya 2000 zimeachwa tupu, nailoni ikichanikachanika kwa upepo. Nyumba zenyewe hazikuwa na kasoro. Nyanya zilinyauka zingali mbichi, na matunda yake juu, na deni likabaki.

Ugonjwa ulioharibu nyingi katika hizo ni mnyauko wa bakteria. Vijidudu vyake hukaa ardhini, huingia kwa njia ya mizizi, na kuziba njia za maji ndani ya shina. Hushambulia nyanya, viazi mviringo, bilinganya, pilipili, tumbaku, hata mnavu uotao wenyewe kando ya njia. Hakuna dawa iponyayo mmea ukisha kuingiliwa, iwe ya dukani au ya kienyeji. Shambani mkulima aweza kuhama na kupanda nyanya mahali pengine, nyumba haihami. Kwa hiyo yafaa udongo uchunguzwe kabla ya kuchimba shimo la nguzo ya kwanza.

Uchunguzi wenyewe hauna gharama. Uliza kama mahali pale palilimwa viazi au nyanya katika miaka ya karibuni, na kama maji ya mvua hutiririka kuja hapo kutoka shamba la viazi la jirani lililo juu, maana maji huchukua ugonjwa. Kisha panda miche ishirini ya nyanya huku na huku katika kiwanja hicho, wakati wa joto, uiache hata izae. Ukiona mche umelegea mchana hali majani yake ni ya kijani, ukate shina karibu na ardhi, kipande cha urefu wa kidole, ukitundike katika bilauri ya maji safi bila kuyatikisa. Ikiwa ni mnyauko wa bakteria, baada ya dakika chache utaona nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka kutoka katika shina. Usipoziona, ng'oa mizizi uitazame: yenye vifundo vifundo imeingiliwa na minyoo fundo, nao ni adui mwingine.

Kiwanja kikiwa safi, usinunue udongo wala mifuko. Panda ardhini, katika matuta. Hiyo ndiyo njia rahisi kupita zote, na kwa mkulima asiyetumia mbolea za chumvichumvi za dukani ndiyo iliyo bora, kwa sababu mimea yake hailishwi na maji ya dawa. Hulishwa na udongo wenyewe, pamoja na wadudu wadogo na minyoo ya ardhi waishio ndani yake. Vumbi la makumbi ya nazi, ambalo watu wa pwani hulipata kwa urahisi, hushika maji vizuri sana, lakini halina chakula cha kutosha. Na likiwa halikuoshwa huwa na chumvi.

Gharama kubwa, basi, ni mboji, na mboji hulipwa kwa jasho. Tengeneza rundo lenye upana wa mita 1 na nusu na kimo hicho hicho, chini ya kivuli. Weka kwanza mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa, juu yake majani mabichi, kisha samadi, kisha majivu kidogo na udongo kidogo, ukinyunyiza maji kila tabaka. Rudia hivyo hata ufike juu. Namna hii ilipata sifa kwa kazi ya Albert Howard huko Indore, India, kati ya miaka ya 1924 na 1931, naye alijifunza mengi kwa wakulima wa India na kwa desturi za Wachina. Katika miaka ya 1930 mashamba ya kahawa ya Kenya yalikuwa yamekwisha kuifuata.

Chomeka fimbo ndefu hata katikati ya rundo. Baada ya siku chache ichomoe uishike: ikiwa moto na yenye unyevu, kazi yaendelea; ikiwa baridi na kavu, ongeza maji; ikinuka uvundo, rundo limeshiba maji nalo lataka kupinduliwa. Pindua kila baada ya majuma matatu, ukitia ndani yale yaliyokuwa nje. Kwa kawaida baada ya miezi mitatu huwa tayari. Mabua ya nyanya zilizougua usiyatie humo kamwe, yachome moto.

Kiasi gani? Nyumba ya mita 8 kwa 15 huchukua matuta 5 yenye upana wa mita 1 na urefu wa mita 14. Ukipanda mistari miwili katika kila tuta, nafasi ya sentimita 45 kati ya mche na mche, utapata miche kama 310. Mboji ya unene wa sentimita 5 juu ya matuta yote ni madebe 175. Ni mengi, na asiye na ng'ombe aanze kurundika miezi sita kabla ya kujenga.

Lakini usidhani kwamba kuzidisha samadi ni kuzidisha mavuno. Ndani ya nyumba mvua hainyeshi, wala hakuna cha kuosha chumvi za samadi zikashuka chini. Mavi ya kuku yasiyooza huunguza mizizi. Ukiona utando mweupe juu ya tuta, mwagilia maji mengi kabla ya msimu kuanza, na kwa msimu unaofuata punguza mboji hata nusu.

Sasa, nini cha kufanya ikiwa ugonjwa umo na kiwanja kingine hakuna? Wengi hukimbilia mifuko. Mfuko wa debe moja kwa kila mche maana yake ni madebe 310 ya mchanganyiko: sehemu tatu za udongo, mbili za mboji, moja ya mchanga. Udongo huo utoke mahali palipokaa mahindi au majani ya ng'ombe miaka mingi, na mifuko ikae juu ya nailoni ili mizizi isiguse ardhi. Mifuko hukauka upesi, nayo huweza kutaka maji mara mbili kwa siku. Tena, anayetazamia kuuza Ulaya kama mazao ya kilimo hai ajue kwamba sheria ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika mwaka wa 2022 yataka mboga kama nyanya ziote katika udongo ulioungana na ardhi.

Kufunika udongo uliolowa kwa nailoni nyepesi iangazayo, kwa majuma sita ya jua kali, hupunguza minyoo fundo na ukungu. Mnyauko uliojificha chini zaidi hausikii sana, na penye ukungu wa mlimani kazi hiyo ni bure.

Kwa maoni yangu njia iliyo bora kwa mtu wa kipato kidogo ni kubebesha: kikonyo cha nyanya juu ya shina la bilinganya ya aina istahimiliyo mnyauko, kama ile iitwayo EG203. Udongo wa kukuzia miche upikwe kwanza kwa mvuke: pipa lenye maji kidogo, gunia la udongo juu ya vijiti, moto chini, na kiazi kimoja kimefukiwa katikati ya udongo. Kiazi kikiiva, udongo umeiva. Baada ya kubebesha, miche ikae kivulini penye unyevu kama juma moja. Utakapoipanda, kiungo kibaki juu ya ardhi kwa vidole vinne. Kikifukiwa, nyanya itatoa mizizi yake yenyewe, nayo mizizi hiyo itaingia katika udongo ule ule wenye ugonjwa.